Oliver Mowat dhidi ya Ottawa: kesi ya magogo iliyotikisa katiba ya Kanada

Mashariki mwa Ontario, katika wilaya ya Lanark, kuna mto unaoitwa Mississippi. Hauna uhusiano na ule mkubwa wa Marekani. Huu ni mto wa wastani tu unaomwaga maji yake katika Mto Ottawa. Katika karne ya 19 pande hizo zilikuwa na misonobari mingi, na njia ya kuitoa msituni ilikuwa maji. Majira ya baridi wakata miti waliangusha miti, wakaiburuta juu ya theluji hadi kwenye kingo, kisha wakasubiri. Theluji ikiyeyuka, vijito hufura kwa wiki chache, na hapo magogo hutumbukizwa yakabebwa na mkondo hadi kwenye viwanda vya kupasua mbao. Mfanyabiashara aliyekosa maji ya msimu huo, mtaji wake ulilala porini hadi mwaka unaofuata.

Peter McLaren, tajiri wa mbao na mtu wa chama cha Wahafidhina, alikuwa ametia fedha zake katika mto huo. Palipokuwa na mawe aliyaondoa, palipokuwa na maji kidogo aliweka mabwawa, na penye maporomoko alijenga mifereji ya mbao ya kuteremshia magogo. Upande wa juu wa mto, Boyd Caldwell na mwanawe, wao wakiwa Waliberali, walikuwa na vibali vya kukata miti. Caldwell alitaka magogo yake yapite kwenye mifereji ya McLaren. McLaren akakataa. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: bila kazi yake vijito vile visingeweza kupitisha magogo, na kazi hiyo ameilipia yeye, juu ya ardhi yake. Mwaka 1880 alikwenda mahakamani Ontario akapewa zuio dhidi ya Caldwell.

Ugomvi wa wafanyabiashara wawili wa mbao kwa kawaida hauendi mbali. Huu ulifika London, na kabla ya kufika huko uliifanya serikali kuu ya Kanada ifute sheria moja ya jimbo mara tatu mfululizo. Aliyeusukuma hadi huko ni Oliver Mowat, wakili aliyekuwa waziri mkuu wa Ontario na mwanasheria mkuu wa jimbo hilo kwa wakati mmoja, kuanzia 1872 hadi 1896. Alishinda chaguzi sita za jimbo. Mengi yameandikwa kumsifu kama baba wa haki za majimbo. Mimi naona jambo la kujifunza kwake liko katika namna alivyochagua kesi: mabishano ya watu wengine, madogo, yenye sura ya mtu wa kawaida, ambayo ndani yake limejificha swali la nani mwenye nchi. Na ukiifuata njia hiyo hadi mwisho unakutana na watu ambao hawakualikwa mahakamani kabisa.

Bosi na mwanafunzi wake

Mowat alizaliwa Kingston tarehe 22 Julai 1820, mtoto wa mfanyabiashara Mskoti aliyewahi kuwa askari. Mwaka 1836, akiwa na miaka 16, aliingia kujifunza uwakili katika ofisi ya kijana wa mji huohuo aliyekuwa na miaka 21 na ndiyo kwanza ameanza kazi. Siku hizo uwakili ulijifunzwa kwa kukaa ofisini miaka kadhaa, unanakili hati, unabeba majalada, unasikiliza. Kijana mwenye ofisi aliitwa John A. Macdonald. Ndiye aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kanada, na kwa karibu miaka 20 mahasimu wawili wakuu wa siasa za shirikisho na za Ontario walikuwa bosi na mwanafunzi wake wa zamani.

Mwaka 1840 Mowat alihamia Toronto, mwaka uliofuata akawa wakili kamili, na akajikita katika Mahakama ya Chansela. Hapo hapakuwa na wauaji wala hotuba za kutoa machozi. Palikuwa na amana, rehani, wosia na mali za yatima. Nadhani tabia yake yote ya kisiasa ilifinyangwa hapo. Wakili wa amana hamuulizi mtu ana nguvu kiasi gani. Anauliza hati inasema nini, mali ilikuwa ya nani kabla ya hati kuandikwa, na kipi hakikukabidhiwa. Miaka mingi baadaye Mowat aliisoma katiba ya Kanada kwa jicho hilohilo.

Aliingia bungeni mwishoni mwa 1857 upande wa Wanamageuzi, waliokuja kuitwa Waliberali. Uhusiano na bosi wake ukaharibika. Mwaka 1861 Macdonald alimfuata ndani ya Bunge, akamwita kinda la mbwa na kumtishia makofi. Mowat alikuwa mfupi, mnene kidogo, haoni bila miwani, Mpresbiteri wa kweli. Si mtu wa kupigana. Hata hivyo mwaka 1864 wote wawili walikaa serikali moja, ile ya mseto iliyounda Shirikisho, na Oktoba mwaka huo Mowat alikuwa mjumbe wa mkutano wa Quebec, mahali mgawanyo wa mamlaka kati ya serikali kuu na majimbo ulipojadiliwa. Mwezi uliofuata aliteuliwa jaji, makamu wa Chansela, akatoka kwenye siasa. Aliposhuka kitini Oktoba 1872 kwenda kuongoza serikali ya Ontario baada ya Edward Blake kujiuzulu, wapo waliolalamika kwamba jaji hatoki mahakamani akaingia moja kwa moja kwenye siasa za vyama. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi, ila hayakumzuia.

Sheria moja, mara nne

Katiba ya 1867, iliyokuwa sheria ya Bunge la Uingereza, ilitaja mambo ya serikali kuu katika kifungu cha 91 na ya majimbo katika kifungu cha 92. Mali na haki za kiraia zikawekwa upande wa majimbo. Lakini Ottawa, yaani serikali kuu, ilibakiziwa rungu: iliweza kutangua sheria yoyote ya jimbo ndani ya mwaka mmoja tangu kuipokea, hata kama bunge la jimbo lilikuwa na mamlaka kamili ya kuitunga. Macdonald aliliona Shirikisho kama serikali moja kubwa yenye matawi. Mwaka 1868, akiwa pia waziri wa sheria, aliandika mwongozo wa lini rungu litumike: sheria iliyo kinyume cha katiba, inayogongana na sheria ya serikali kuu, au inayogusa maslahi ya nchi nzima. Mwongozo wa busara, na kwa miaka kadhaa uliheshimiwa.

Machi 1881 bunge la Ontario lilipitisha Sheria ya Mito na Vijito. Ilisema mtu yeyote ana haki ya kupitisha magogo kwenye mto wowote, hata ule ulioboreshwa kwa fedha za mtu binafsi, mradi amlipe mwenye mifereji na mabwawa ushuru wa haki utakaopangwa na serikali ya jimbo. Iligusa hata kesi zilizokuwa bado zinaendelea. Kila mtu alijua ni kesi ipi.

Mei mwaka huohuo Ottawa iliitangua. Sababu iliyotolewa ndiyo inayokifanya kisa hiki kiwe na uzito. Ottawa haikuegemea hoja kwamba Ontario imevuka mipaka ya kifungu cha 92. Ilisema sheria inamnyang'anya mtu mmoja mali yake na kumpa mwingine, na kwamba kazi ya serikali kuu ni kulinda mali za raia dhidi ya mabunge ya majimbo. Ukiuweka uamuzi huo kando ya mwongozo wa 1868, hauingii vizuri katika kisanduku chochote. Macdonald alivuka mpaka aliouchora mwenyewe, na kumfaidisha mwanachama wake.

Angeweza Mowat kufungua kesi kupinga utanguaji? Asingefika mbali, maneno ya katiba yalikuwa wazi. Alifanya kitu kingine. Mwaka 1882 alirudisha sheria ileile bungeni, ikapita, ikatanguliwa. Mwaka 1883 akairudisha, ikapita, ikatanguliwa. Mwaka 1884 akairudisha kwa mara ya nne.

Ujanja wa hatua hii ni wa kiwakili kabisa. Kila utanguaji ulikuwa halali, na kila urudishaji pia ulikuwa halali. Lakini Ottawa, kila ilipolinyanyua rungu, ililazimika kutoa sababu mbele ya wapiga kura wa Ontario, na sababu ilikuwa ileile moja, na jina lililokuwa nyuma yake lilikuwa lilelile moja la McLaren. Mwaka wa kwanza unaweza kusema unatetea haki ya mali. Mwaka wa tatu watu wanauliza unamtetea nani.

Wakati huohuo kesi yenyewe ilikuwa inapanda ngazi. Mahakama ya Rufaa ya Ontario ilimpa ushindi Caldwell. Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 1882 ikamrudishia McLaren. Mabishano yalikuwa juu ya sheria ya zamani ya 1849, iliyotoa ruhusa kwa watu wote kuelea magogo kwenye vijito vyote vya Kanada ya Juu, jina la zamani la Ontario, wakati wa mafuriko ya msimu wa kuchipua, kiangazi na vuli. Uamuzi wa mahakama ya Ontario wa 1863 ulikuwa umeyabana maneno hayo: vijito vyote maana yake ni vile vinavyopitika kwa asili yake. McLaren alisimama juu ya uamuzi huo.

Mwaka 1884 majaji wa rufaa ya mwisho huko London waliusoma mstari uleule na kusema vyote maana yake vyote. Kijito kilichofanywa kipitike kwa kazi ya mtu ni kijito, na magogo ya Caldwell yana haki ya kupita.

Hapo jengo la Macdonald lilianguka lote. Alikuwa ametangua sheria mara tatu kwa madai kwamba inampokonya McLaren mali yake, kumbe haki ya kumzuia jirani hakuwahi kuwa nayo tangu 1849. Na zaidi: chini ya sheria ya zamani McLaren hakuwa na ushuru wowote wa kudai. Sheria ya Mowat ndiyo iliyompa ushuru. Aliyedaiwa kuporwa ndiye aliyekuwa anaongezewa. Sheria ya 1884 haikuguswa. McLaren hakupata hasara ya kisiasa, maana mwaka 1890 aliingizwa kwenye Seneti, lakini utanguaji kwa sababu tu Ottawa imeona sheria ya jimbo haina haki haukupata tena heshima uliyokuwa nayo. Kati ya 1867 na 1943 serikali kuu ilitangua sheria 112 za majimbo. Tangu 1943 haijatangua hata moja, ingawa mamlaka hayo bado yameandikwa katika katiba.

Kwa nini London

Hukumu ya mwisho ya makoloni ilitoka kwenye Kamati ya Mahakama ya Baraza la Malkia, iliyokaa Downing Street. Wanasheria wa kwetu wanaijua kutoka vitabuni: rufaa za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar nazo, zikishatoka Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ziliweza kwenda hukohuko. Majaji wake hawakuvaa majoho. Kwa jina walikuwa wanamshauri tu Malkia, na kwa kuwa ushauri kwa Malkia hauwezi kuwa wa sauti mbili, walitoa maoni mamoja bila kuonyesha nani hakukubali. Kwa wakili anayetafuta kanuni ya kudumu, jibu lisilo na maoni ya wachache ni zawadi.

Mahakama ya Juu ya Kanada, iliyoanzishwa 1875, majaji wake waliteuliwa na Ottawa, na katika kesi kadhaa za mwanzo iliegemea upande wa serikali kuu. Lakini London haikuwa na uhakika wowote pia. Mwaka 1882, katika kesi ya Russell kuhusu sheria ya serikali kuu ya kupiga marufuku pombe, Kamati iliipa Ottawa ushindi mpana. Ontario haikuwa mhusika katika kesi hiyo, na hapo Mowat alipata somo: usimwachie mtu baki akujengee hoja yako. Kesi iliyofuata ya pombe aliisimamia, akaajiri mawakili wazuri wa London.

Kesi hiyo ni ya meza ya biliadi. Archibald Hodge alikuwa na hoteli ya St. James mjini Toronto, na meza yake ya biliadi ilikuwa na kibali. Masharti ya makamishna wa leseni za pombe yalisema biliadi isichezwe saa ambazo kuuza pombe kumekatazwa, na Jumamosi jioni pombe ilikatazwa kuanzia saa moja. Jumamosi moja ya Mei 1881 meza ya Hodge ilikuwa inachezewa baada ya saa hiyo. Akatozwa faini ya dola 20. Utetezi wake ulikuwa mkubwa kuliko kosa lake: bunge la jimbo lenyewe linafanya kazi kwa mamlaka ya kukasimiwa, kwa hiyo haliwezi kukasimu tena kwa makamishna. Desemba 1883 London ikajibu kwamba mabunge ya majimbo si wajumbe wala mawakala wa yeyote, na kwamba ndani ya mipaka ya kifungu cha 92 mamlaka yao ni kamili na mapana sawa na ya Bunge la Uingereza lenyewe. Sentensi hiyo ingekuwa ngumu kuipata kwa kuiomba moja kwa moja. Mwenye hoteli aliyechelewa kufunga meza yake ndiye aliyeileta.

Mwaka huohuo ilikuja hukumu ya urithi wa Andrew Mercer, tajiri aliyefariki Toronto mwaka 1871 bila wosia na bila mrithi aliyetambulika kisheria. Mali isiyo na mrithi huwa ya Serikali. Serikali ipi? Ontario haikusubiri kuulizwa: sehemu ya mali hiyo ilikwisha kujenga gereza la wanawake lililofunguliwa 1880 kwa jina la Mercer mwenyewe. Mahakama ya Juu ilisema ardhi ni ya Ottawa, London ikasema ni ya Ontario.

Kisha mpaka. Mwaka 1878 wasuluhishi watatu, akiwemo balozi wa Uingereza mjini Washington, waliipa Ontario eneo kubwa la magharibi na kaskazini. Wiki chache baadaye Macdonald alirudi madarakani na kukataa kuutambua uamuzi huo. Mwaka 1881 akaisogeza Manitoba ikutane na Ontario bila kusema zinakutana wapi. Mji wa Rat Portage, siku hizi Kenora, ukajikuta na polisi na mahakimu wa majimbo mawili wanaokamatana wao kwa wao, na mwaka 1883 majimbo yote mawili yakaendesha uchaguzi humo. Jela ilivamiwa na kuchomwa. Mwaka 1884 Mowat alisimama mwenyewe mbele ya Kamati London, akashinda kwa sehemu kubwa. Aliporudi Toronto Septemba mwaka huo alipokewa kwa maandamano ambayo mji huo haukuwa na mazoea nayo kwa mtu mpole kama yeye.

Asidhani msomaji kwamba wapiga kura walimfuata kwa upofu. Katika uchaguzi wa shirikisho wa 1882 Ontario ilimpa Macdonald viti vingi, na mapema 1883 wingi wa Mowat bungeni ulipungua. Watu wa Ontario walikuwa na desturi ya kumchagua huyu kwa mambo ya jimbo na yule kwa mambo ya nchi, wakawaacha wavutane.

Mtetezi wa majimbo nyumbani kwake

Kuna swali ambalo wasifu wa Mowat huwa unalipita haraka. Mamlaka aliyoyatoa Ottawa aliyapeleka wapi?

Chukua leseni za pombe. Zamani zilitolewa na halmashauri za miji na vijiji. Sheria ya 1876 ya serikali yake ilizichukua na kuzikabidhi kwa makamishna walioteuliwa na serikali ya jimbo. Wapo waliofurahi, kwa sababu madiwani walikuwa wakigawa leseni kama njugu. Lakini kuanzia hapo kila mwenye baa Ontario alijua riziki yake iko mikononi mwa mtu aliyewekwa na Mowat, na wakati wa uchaguzi hilo lilikuwa na maana yake. Mwaka 1882, Yorkville, Macdonald alimwita Mowat dikteta mdogo anayetaka kushika kila kazi, kuanzia ya dalali wa mahakama hadi ya mwenye baa. Alitia chumvi, na alikuwa hana usafi wa kumsema mwenzake. Mwaka uliofuata alitunga sheria yake ya leseni ili ugavi huo uhamie Ottawa, na mahakama zikaifuta. Ila ukweli ulikuwemo. Meza ya Hodge haikuwa tu ushindi wa jimbo dhidi ya serikali kuu. Ilikuwa pia ushindi wa jimbo dhidi ya halmashauri, na katika hukumu ile halmashauri hazikuwa na wakili.

Kwa hiyo simwiti mtetezi wa ugatuzi. Alitetea ngazi moja, ile aliyokalia. Haki za majimbo alizieleza kwa hoja ya wakili wa amana: majimbo yalikuwepo kwanza, yakaingia mapatano, yakatoa baadhi ya mamlaka na kubaki na mengine. Alipoongoza mkutano wa mawaziri wakuu wa majimbo matano mjini Quebec Oktoba 1887, ulioitishwa na Honoré Mercier wa Quebec, maazimio yalitaka Ottawa ivuliwe mamlaka ya kutangua sheria. Macdonald aliyapuuza. Miaka mitano baadaye, Macdonald akiwa ameshafariki, London iliandika katika kesi ya Maritime Bank kwamba lengo la katiba halikuwa kuyeyusha majimbo yawe kitu kimoja wala kuyaweka chini ya mamlaka ya kati. Mowat alikuwa amepata kwa hukumu alichonyimwa kwa azimio.

Wabigoon

Sasa kesi ambayo, kwa maoni yangu, inapaswa kusomwa pamoja na ile ya magogo kila mara.

Mwaka 1883, mpaka ukiwa bado una mabishano, Ottawa iliipa kampuni ya St. Catharines Milling kibali cha kukata miti karibu na ziwa Wabigoon, magharibi mwa Ontario ya leo. Mpaka ulipoamuliwa, Ontario ikaishtaki kampuni: msitu ni wetu, nani amekupa kibali? Kampuni, na Ottawa nyuma yake, ilikuwa na jibu zito. Tarehe 3 Oktoba 1873, katika Mkataba Namba 3, Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walikuwa wameikabidhi serikali kuu ardhi kwa kupewa hifadhi zao (maeneo waliyotengewa kuishi), haki ya kuwinda na kuvua, na malipo ya dola 5 kwa kila mtu kwa mwaka. Ottawa ikasema: wenye ardhi walikuwa Waanishinaabe, tumeinunua kwao, kwa hiyo ni yetu.

Itazame hoja hiyo kwa macho ya wakili wa Ontario. Ili ushinde, ni lazima uthibitishe kwamba Waanishinaabe hawakuwa na cha kuuza.

Ndivyo ilivyobishaniwa. Jaji wa kwanza, Chansela John Boyd, mwaka 1885 aliandika kwamba kwa kuwa walionekana kama wapagani na washenzi, haikudhaniwa kwamba wana umiliki wa ardhi. Mahakama ya Juu ikaipa Ontario ushindi 1887. Kampuni ikaenda London, na huko Mowat alisimama pamoja na Edward Blake, yuleyule aliyemwachia kiti mwaka 1872. Desemba 1888 Lord Watson akasoma uamuzi: haki ya wenyeji juu ya ardhi ni ya kuitumia tu, inadumu kwa hisani ya Mfalme, na mzigo huo ukishaondolewa kwa mkataba, faida yote inabaki kwa jimbo. Watson alisema pia kwamba Ontario ndiyo ibebe malipo ya mkataba, lakini mwaka 1910 London iliamua kwamba Ottawa haiwezi kuidai Ontario fedha hizo. Ontario ikabaki na miti na madini.

Katika ngazi zote hizo hakuna hata Mwanishinaabe mmoja aliyekuwa mhusika wala aliyeitwa kutoa ushahidi. Watu walioketi na makamishna wa Malkia siku kadhaa wakijadiliana bei ya nchi yao hawakuulizwa walikuwa wameuza nini. Kesi iliitwa kwa jina la kampuni ya mbao, ikabishaniwa na serikali mbili, ikaamua jambo la watu wa tatu. Njia ile ile iliyomfaa Mowat Lanark, ya kupitisha swali kubwa ndani ya ugomvi wa wafanyabiashara, hapa ilifanya kazi vizuri mno. Kwenye mto wa McLaren swali lililojificha lilikuwa la majimbo, na majimbo yalikuwa na wakili. Wabigoon lilikuwa la wenye ardhi, nao hawakuwa naye.

Nimewahi kusikia utetezi kwamba Mowat alikuwa mtu wa wakati wake. Utetezi huo haunitoshi, kwa sababu hoja ya upande wa pili haikuwa ngeni kwa wakati wake: Ottawa iliileta mahakamani, kwa maslahi yake yenyewe, na baadhi ya majaji wa Mahakama ya Juu waliikubali. Tangazo la Kifalme la 1763, lililotambua haki za wenyeji juu ya ardhi, lilikuwa linajulikana. Mowat alisikia kwamba wenyeji wana umiliki, akajibu hapana, na akalipwa msitu.

Mengine ya maisha yake yanasimulika haraka. Kura ya siri katika chaguzi za jimbo mwaka 1874. Kuunganishwa kwa mahakama za Ontario mwaka 1881, kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote. Kura kwa wanaume wote wazima mwaka 1888. Mwaka 1896 aliacha uwaziri mkuu, akawa seneta na waziri wa sheria katika serikali ya Wilfrid Laurier, waziri mkuu mpya wa Kanada, kisha mwaka uliofuata Luteni Gavana wa Ontario, cheo ambacho kesi ya Maritime Bank ilikuwa imekithibitisha kuwa cha mwakilishi wa Malkia moja kwa moja. Alifariki akiwa kazini tarehe 19 Aprili 1903.

Hifadhi zilizoahidiwa katika Mkataba Namba 3 zilisubiri maafikiano ya Ottawa na Ontario ya 1894, na sheria ya Ontario ya kuzithibitisha ikapitishwa 1915. Mwaka 1973, katika kesi ya Calder, majaji wa Mahakama ya Juu ya Kanada walikubali kwamba haki ya wenyeji juu ya ardhi inatokana na wao kuwepo hapo kabla ya wazungu, si hisani ya mtu. Sehemu nyingine ya uamuzi wa Wabigoon ingali hai. Mwaka 2014 watu wa Grassy Narrows, ndani ya eneo la mkataba huo, walifika Mahakama ya Juu kupinga Ontario kutoa vibali vya kukata miti kwenye ardhi wanayoitegemea kwa uwindaji. Mahakama iliitaja kesi ya 1888 na kusema Ontario inaweza kutoa vibali hivyo bila idhini ya Ottawa. Lakini pamoja na ardhi, jimbo limerithi pia wajibu wa mkataba, ukiwemo wa kushauriana na Waanishinaabe kabla ya kuigusa.